Vibao vya bastola yangu vimetoka kwenye suruali ya jinzi

Miaka minne sasa nabeba bastola ya Browning Hi-Power, ile ya risasi 13, kwa leseni ninayoilipia kila mwaka, na kila aliyeiona mkononi mwangu alinipa ushauri uleule: tia raba kwenye mpini. Afande mstaafu jirani yangu hapa Bombo, Uganda, aliusema. Kijana wa kampuni ya ulinzi aliusema. Shemeji yangu, ambaye hajawahi kushika silaha, naye aliusema. Naandika haya kwa sababu nimechoka kuona watu wanatoa pesa kwa ushauri huo, halafu wanabaki na mpini mnene kama gunzi la mahindi.

Muujue kwanza mpini wenyewe. Bastola hii aliianza John Browning, akafariki 1926 kabla haijakamilika, na Dieudonné Saive akaimalizia katika kiwanda cha FN huko Ubelgiji. Mwaka 1935 ikaingia jeshini. Risasi zake hukaa safu mbili ndani ya magazini, lile kasha linaloingia mpinini, kwa hiyo mpini una tumbo tayari kabla hujaweka kitu. Vile vibao viwili vinavyofunika mpini pembeni, kila kimoja kwa skrubu moja tu, ndivyo vinavyoamua kama kidole chako kitakaa vizuri kwenye triga au kitaigusa kwa ncha. Vidole vyangu ni vifupi. Wenye kusifia raba hawaulizi vidole.

Vibao nilivyoikuta navyo vilikuwa vya plastiki, vimelika hadi mistari yake ya kukatana imekuwa laini kama sahani. Nina duka la jumla, nashughulika na fedha, na kiganja changu hutoka jasho hata asubuhi. Siku moja ya shabaha, saa nane mchana, mwezi wa pili, jua kali, risasi ya tatu ilipotoka bastola ilijizungusha kidogo mkononi. Ya nne ikaenda chini kabisa ya karatasi. Kuanzia hapo nikawa nashika upya kila nikifyatua. Silaha unayoibeba kwa ajili ya kulinda uhai wako haiwezi kuwa hivyo.

Nikawasikiliza, nikatia raba. Jamaa mmoja aliyekuwa anarudi kutoka nje aliniletea, laki moja na kitu. Siku ya kwanza niliipenda. Siku ya pili nikagundua shati linanasa: ukiinama na kuinuka, shati linabaki limepanda juu na kila mtu sokoni anaona unachobeba. Kidole nacho kikawa mbali zaidi na triga. Halafu yakaja mafuta. Raba kama ile na mafuta ya kusafishia silaha havipatani, na hakuna hata mmoja wa washauri wangu aliyelitaja hilo. Baada ya miezi michache kingo zilivimba, zikanata kama ulimbo, na vumbi letu jekundu likaganda humo. Ukimaliza kushika, kiganja kinakuwa na rangi ya matofali.

Ila nisiwe mkali kupita kiasi. Mwenye bastola ya mpini wa plastiki usio na vibao vya kufungua, akate kipande cha tyubu ya baiskeli akivute juu ya mpini kama soksi. Kinashika kwelikweli, kwa shilingi elfu mbili tatu hivi, na kikianza kunata unakikata kwa wembe na kuvisha kingine. Kwa hiyo hila ya tyubu namsifu aliyeibuni.

Baada ya raba nikaenda kwa seremala. Nilimpelekea vibao vya zamani tu awe na kipimo. Bastola ilibaki imefungiwa nyumbani, kwa maana silaha haizungushwi kwenye karakana za watu. Akanitengenezea vya mvule, rangi ya asali, na nikaona raha kuvitazama. Hiyo ilikuwa Novemba, mvua inanyesha, na ubao wake ulikuwa bado na maji ndani. Januari kiangazi kikaukausha. Kibao cha kushoto kikajikunja kama ganda la muhogo, kikapasuka kuanzia tundu la skrubu hadi ukingoni. Tena mvule nyuzi zake hupishana, kwa hiyo ukijaribu kuchonga mistari midogo ya kushikia, inang'oka vipande vipande. Mbao si mbaya. Mbao mbichi ndiyo mbaya. Anayetaka mbao atafute kipande kilichokauka miaka, mpingo kama ataupata.

Pembe la ng'ombe wa Ankole nililishika dukani nikalirudisha. Linapendeza mno, lakini likishasuguliwa na likapata jasho, linateleza kama sabuni. Na mzee mmoja aliyenitajia pembe la ndovu, eti kama la bastola za Jenerali Patton wa Marekani, nilimwambia hapohapo: hiyo ni jela, mzee wangu, na sheria ya wanyamapori ya 2019 haina mchezo.

Jawabu lilitoka kwenye vyuma chakavu. Kinu cha kusaga cha jirani kilikuwa kinabadilishiwa ubao wa swichi, na fundi umeme akatupa chini kipande cha ubao wa kahawia, kizito, ambacho ukingoni mwake zilionekana nyuzi za kitambaa. Nikauliza ni mti gani. Akacheka: "Si mti, ni nguo. Nguo na rezini, yaani gundi inayoganda, imeshindiliwa kwa moto. Haipitishi umeme, hainywi maji." Nilikishika kwa mkono wenye jasho na hakikuteleza. Baadaye ndipo nikajua kwamba wahunzi wa visu huko nje huiita mikarta (Micarta), na kwamba ina ndugu yake, ji-ten (G10), ambayo badala ya nguo wanatumia kitambaa cha nyuzi za kioo. Hiyo ya pili ni ngumu zaidi, ila vumbi lake ni baya sana kwa mapafu, na kuagiza chochote cha bastola kutoka nje ni maswali juu ya maswali. Nikasema: nguo ninazo.

Jaribio la kwanza nilitumia turubai la zamani. Nikanunua Kampala rezini ya epoksi, ile ya chupa mbili, nikachanganya yote kwa mara moja kwenye kikombe, juani. Msifanye hivyo. Dakika chache kikombe kikawa cha moto hata hakishikiki, kikaanza kutoa moshi, na rezini ikaganda kama jiwe na kijiti cha kukorogea ndani yake. Nikanunua nyingine. Safari hii ilichanganyika vizuri, lakini turubai lilikuwa limepakwa dawa ya kuzuia maji, na kinachozuia maji kilizuia na rezini. Nilipolikata kesho yake, tabaka ziliachana kama chapati.

Mara ya tatu nikachukua suruali yangu ya jinzi iliyochanika magoti. Nikaifua kwa maji ya moto na sabuni mara mbili, nisitie kitu cha kulainisha nguo, nikaianika siku nzima hadi ikakauka kabisa. Nikakata vipande 12, kila kimoja cha kutosha vibao viwili, na nafasi ya kidole kimoja kila upande. Rezini nikaikoroga kidogo kidogo, nikaimwaga kwenye sinia pana isipate kujichemsha, alfajiri kabla ya jua. Kila kipande nilikilowesha hadi rangi ya buluu ikawa nyeusi pande zote mbili. Ukiona doa la buluu hafifu katikati, hapo hapajalowa, rudia. Nikavipanga juu ya kavera, yaani mfuko wa plastiki, nikafunika kwa kavera, nikaweka ubao chini na ubao juu, nikakaza kwa klempu nne, vile vibanio vya skrubu, hadi rezini ikachuruzika pembeni. Nikaiacha siku mbili. Mke wangu alitaka kuchungulia jioni ya kwanza, nikakataa.

Ulipofunguka ulikuwa ubao mweusi wa buluu, milimita saba hivi, na ukiugonga kwa ukucha unalia kama sahani ya udongo. Nilikata kwa msumeno wa chuma, nikapunguza kwa tupa hadi vibao vikawa vyembamba kuliko vile vya plastiki. Hapo ndipo kidole changu kilipoifikia triga sawasawa kwa mara ya kwanza. Funika pua na ulowanishe msasa unaposugua, vumbi lisiruke. Na tundu la skrubu lina ngazi ndani yake ya kupokea kichwa: ukiichimba sana, ncha ya skrubu inaingia hadi kwenye njia ya magazini. Mimi nilizidisha nusu milimita upande mmoja na magazini ikakataa kudondoka. Nikasugua ncha ya skrubu kidogo, ikaisha.

Msasa wa mwisho ulikuwa namba 220, nikaishia hapo. Wengi wataendelea kung'arisha hadi iwe kioo, na wataharibu. Ule ukwaru wa nyuzi ndio unaoshika.

Mwezi uliofuata nilikwenda tena kwenye shabaha, na mvua ikanikuta humo. Nilipiga magazini nzima na mkono umelowa, sikushika upya hata mara moja. Afande jirani aliiomba nilipokwisha kutoa magazini na kumwonyesha chemba tupu, akaikamata, akaigeuza, akapitisha dole gumba juu ya ile mistari ya jinzi. Hakusema neno juu ya raba. Jumapili alikuja na suruali yake ya zamani imekunjwa kwenye kavera, nikamwambia akaifue kwanza.