Hadi mama mkwe kapigiwa simu

Saa hii nimepigiwa na dada wa app fulani ya mkopo, eti nimwambie binamu yangu alipe juu mimi ni mdhamini wake. Mimi? Nani aliniuliza?

Nikaenda kwa binamu nikashika simu yake. App yenyewe Play Store haipo, si mnakumbuka 2023 Google walianza kuondoa app za mkopo za Kenya zisizo na leseni ya Benki Kuu, sawa, hongera zao. Lakini kwa simu yake bado iko, na ruhusa ya kusoma namba za watu imewashwa tu!

Mama mkwe wake naye kapigiwa. Binamu hata hataki kuniangalia usoni.

Wangapi hapa mmeshapigiwa kwa deni la mtu? Mlijibu nini?