Salio Dogo Ndilo Humtoa Mtu Chuoni

Kila msimu wa kufungua vyuo napata ujumbe wa namna moja. Kijana wa ndugu au wa rafiki amepata nafasi, nyumbani kwao hali ni mbaya, "hebu mwambie wewe ulifanyaje". Najua wanachotaka niseme: penye nia pana njia. Sisemi. Nimesoma na watu walionizidi nia, na wengine walionizidi akili, na leo hawana cheti. Basi naandika yote hapa, nikiulizwa tena nitatuma hiki.

Baba alipata kiharusi mwaka uleule niliopata barua ya kujiunga na chuo kusomea uhasibu. Upande wa kulia wote ukapooza. Alikuwa dereva wa lori, na mkono huo ndio uliokuwa unalisha watu watano. Mama alikuwa anashonea watu nguo nyumbani. Kuanzia hapo akawa anashona huku sikio liko chumbani, kila baada ya muda anaacha cherehani kwenda kumgeuza baba, maana mgonjwa wa namna hiyo akilalia upande mmoja muda mrefu anatoka vidonda. Mimi ndiye kifungua mimba. Wadogo zangu wawili walikuwa bado shule.

Ndugu walipokutana kuzungumzia hali yetu, mjomba ndiye aliyeongea kwa niaba ya wengi: "Mwanangu, barua haiozi. Tafuta kazi kwanza, baba yako akipata nafuu utakwenda." Hakuwa na ubaya, nasema hivyo mpaka leo. Alikuwa anapiga hesabu ya mwezi ujao. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Kaka, hiyo nafuu ataipata tarehe ngapi? Nitajie niiandike." Hakuna aliyejibu. Nikaenda.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Ada ya mwaka wa kwanza ilipatikana. Kuna vitu viliuzwa, ndugu wakachanga, hata wale waliosema nisiende walitoa. Nimegundua kwamba ada ina heshima yake: iko kwenye barua yenye muhuri, ina kiasi kinachojulikana, mtu akiichangia anaweza kutamba kwamba amemsomesha mtoto wa fulani. Lakini nani anachangia fotokopi? Nani anachangia nauli ya kwenda mafunzo kwa vitendo, kikokotoo kilichoharibika, sabuni, pedi, kuchapa ripoti na kuibana jalada? Hivyo havina barua wala muhuri. Ndivyo vilivyonitesa.

Muhula wa pili mwalimu wetu alifundisha kitu ambacho kila mhasibu anakijua: kampuni inaweza kuwa na faida vitabuni na bado ikafa, kwa sababu tu siku ya kulipa imefika na fedha taslimu hazipo. Faida ni jambo moja, ukwasi, yaani kuwa na fedha mkononi siku inayotakiwa, ni jambo jingine. Darasa zima linanakili, mimi nimebaki na kalamu hewani. Mwanafunzi maskini ni kampuni ya aina hiyo. Ana alama nzuri, ana mustakabali mzuri, na anafungiwa nje ya chumba cha mtihani kwa salio la ada la kuchekesha.

Langu lilikuja mwaka wa pili. Wiki ya kuchukua kadi za mtihani, orodha ya wadaiwa ikabandikwa kwenye dirisha la ofisi ya mapato, majina na kiasi, kila apitaye anasoma. Nilichokuwa nadaiwa hakikufika hata bei ya kitabu tulichoambiwa tununue muhula huo (ambacho, kwa taarifa yenu, sikununua, nilikuwa naazima kwa rafiki usiku akilala). Karani hakuwa na la kunisaidia. Mfumo ukionyesha deni hautoi kadi, na yeye hana kitufe cha huruma.

Nilimpigia mama. Hakusema kitu kirefu. Baadaye nikajua alimfuata mteja mmoja, akamwomba amlipe kabisa kwa magauni ambayo vitambaa vyake vilikuwa bado havijakatwa. Fedha ikaingia jioni, asubuhi nikachukua kadi. Kwenye vitabu, fedha ya mteja iliyotangulia kazi si mapato, ni deni. Mama alilifanyia kazi hilo deni usiku, mchana ulikuwa wa baba. Na mimi niliingia kwenye mtihani nikijua hivyo, mtihani ambao swali la kwanza, nacheka nikikumbuka, lilikuwa la malipo ya awali.

Kwenye orodha ileile kulikuwa na kijana niliyekuwa nasoma naye kikundi kimoja, bingwa wa hesabu za gharama, ndiye aliyekuwa anatuelekeza wengine. Deni lake lilikaribiana na langu. Hakumwambia mtu. Tulipotoka kwenye karatasi ya pili ndipo tukagundua kitanda chake kitupu. Angetuambia tungechanga, tulikuwa wengi na salio lilikuwa dogo. Aibu ilimfunga mdomo. Kibaya zaidi, aliondoka bila barua ya kuahirisha masomo. Alipopata fedha na kutaka kurudi, kumbukumbu zilionyesha ametoroka, akaambiwa aombe upya kama mtu asiyewahi kusoma hapo. Hakuomba.

Kama kuna kijana anasoma hapa na anaona maji yanamfika shingoni, ashike hili moja: usiondoke kimya. Vyuo vingi vina utaratibu wa kuahirisha mwaka kwa sababu za kifamilia, na karibu vyote vinataka maandishi kabla ya tarehe fulani. Andika, ambatisha cheti cha daktari wa mzazi wako, pata nakala yenye muhuri, itunze. Nafasi iliyoahirishwa bado ni yako. Iliyotelekezwa si yako. Nilikuja kuitumia barua hiyo mwenyewe, mwaka mmoja nikakaa nyumbani, nikahitimu nyuma ya wenzangu. Chetini hakuna mahali pameandikwa "amechelewa".

Na sisemi kwa kuwa imenitokea mimi tu. Georgia State University ya Atlanta, Marekani, ilianza mwaka 2011 kuwatafuta wanafunzi wake waliokuwa karibu kufutwa kwa sababu ya madeni madogo, ikawalipia lile salio bila hata wao kuomba. Bila kuomba ndiyo sehemu ninayoipenda. Mtu fulani ofisini alielewa kwamba yule mwenye shida zaidi ndiye atakayekuwa wa mwisho kuja kugonga mlango. Chuo chenyewe nacho kilifaidika, kwa sababu mwanafunzi anayebaki anaendelea kulipa ada. Hesabu nyepesi kabisa, sijui kwa nini haiigwi kila mahali.

Halafu kuna kichwa. Watu hudhani ukishapata kadi ya mtihani umemaliza. Kuna wiki nilikuwa nasoma ukurasa mmoja wa uchakavu wa mali, nafika chini sikumbuki cha juu, huku nawaza dawa za shinikizo la damu za baba zitaisha lini. Nilijiona mjinga. Miaka baadaye nikakutana na utafiti uliochapishwa kwenye jarida la Science mwaka 2013, juu ya wakulima wa miwa nchini India. Waliwapima wakulima walewale kabla ya mavuno, wakiwa wamekaukiwa, na baada ya mavuno, wakiwa na fedha. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi kwenye majaribio ya kufikiri. Mtu ni yuleyule, ubongo ni uleule, ila sehemu yake imekopwa na shida. Natamani ningelijua hilo nilipopata sapu, yaani mtihani wa marudio, ya takwimu.

Kuhusu simu za nyumbani sina jibu zuri. Mwaka wa mwisho, katikati ya mitihani, baba alirudishwa hospitali. Mama aliwakataza wote wasiniambie. Mdogo wangu akawa anapokea simu zangu akisema baba amelala, na kweli alikuwa amelala, ila wodini. Niliambiwa siku niliyomaliza karatasi ya mwisho. Nilikasirika sana, nikakaa siku kadhaa sisemi na mama. Alipona, ndiyo maana leo naweza kusema walifanya vizuri. Asingepona ningesema nini? Kuna wanaoshauri mwanafunzi "aachane na mambo ya nyumbani asome". Wanashauri hivyo kwa sababu kwao nyumbani kuna mtu mwingine wa kuyashika.

Kwetu aliyeyashika ni huyo mdogo wangu wa kiume, na sifa zake hazitajwi vya kutosha. Alikaa na baba miaka yote niliyokuwa chuoni. Ilipofika zamu yake alichagua kusoma kwa masafa, asimwache mzee. Njia hiyo ina historia ndefu: Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kilianza kufundisha kwa posta mwaka 1946, na Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria hapo mwaka 1989 akiwa bado mfungwa. Kwa mtu mwenye mgonjwa ndani ni mkombozi, maana hulipi chumba wala nauli ya kila siku. Ila ina mtego mmoja. Hakuna anayekuona unasoma. Uko nyumbani, basi uko huru: peleka hiki, mpokee fulani, kaangalie bomba. Mwishowe alibandika ratiba yake mlangoni na kumfanya baba mlinzi. Mzee, kwa ule upande wa mdomo unaofanya kazi, akawa anawarudisha wageni: "Yuko darasani huyo."

Kwa hiyo wewe uliyenitumia ujumbe juu ya kijana wako: ada yake mtaipata, naamini. Mwulize tarehe ya kufunga malipo ya kila muhula na tarehe ya kutoa kadi za mtihani, uziandike kwenye simu yako mwenyewe. Siku chache kabla ya kila tarehe mpigie umuulize amebakiza kiasi gani. Atasema hajabakiza kitu, yuko sawa. Muulize tena.