Mzinga Ndani ya Jarife

Novemba 2023 nilikuwa Malindi kwa mjomba wangu, mtaa wa Shela, na uani kwake nilikuwa nimesimika kipimamvua. Chombo chenyewe hakina makuu: mkebe wa shaba, faneli juu, chupa ndani. Kila siku saa tatu asubuhi unaitoa chupa, unamimina maji kwenye bilauri yenye mistari, unaandika daftarini. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji katika kila mita 1 ya mraba. Nilipomweleza hivyo mkaza mjomba, aliutazama ua wake pembe hadi pembe, akasema, "Kumbe! Basi juzi tumemwagiwa mapipa."

Juzi hiyo chupa ilijaa pomoni, maji yakafurikia mkebe wa nje, nami nikaona fahari ambayo nikiikumbuka leo hainipendezi. Nilikuwa mwaka wa pili wa masomo ya shahada ya uzamivu, nikichunguza mirejesho ya tabianchi na mvua za kupindukia. Kwetu vuli ndiyo mvua ndogo. Mvua kubwa ni ya mwaka, yaani masika, na Mei ndio mwezi wake. Ile vuli ilikuwa ikinyesha kama Mei, nami nikaiona kama imeletwa kwa ajili ya daftari langu.

Neno lenyewe, mrejesho, lilinikera. Watu wamelizoea vikaoni: toa mrejesho, tumepokea mrejesho. Jambo nililokuwa nikilisoma lina moto. Joto huzaa kitu, na kile kitu hurudi kuliongeza joto lililokizaa. Nililipata neno lake jikoni, jioni moja, mkaza mjomba akipika mkate wa kumimina. Alikwisha kuweka sufuria jikoni, akafunika, akaanza kupanga makaa juu ya kifuniko moja moja kwa koleo.

"Ukiuacha na moto wa chini peke yake," aliniambia, "chini utaungua na juu utabaki uji. Lazima uupalie."

Nikamwomba arudie neno lile, akanicheka. Lakini ndilo hasa. Jua huipasha bahari, bahari hutoa mvuke, na hewa ikiongezeka joto kwa digrii 1 huweza kubeba mvuke zaidi kwa kiasi cha asilimia 7. Mvuke huo haukai bure. Hulizuia joto linalopanda kutoka chini lisitoroke lote angani, hulirudisha kwetu. Mvuke unapalia. Bahari inazidi joto, mvuke unazidi, na makaa juu ya kifuniko yanazidi.

"Sasa mbona dunia haijaungua siku zote hizo?" akauliza.

Swali hilo niliwahi kuulizwa na mwalimu mbele ya darasa nikababaika. Jikoni lilinijibika. Kitu kikipata joto zaidi hutoa joto zaidi pia, kama sufuria inavyokuchoma hata hujaigusa. Dunia nayo, kila inapopanda joto, hulitupa joto angani kwa nguvu zaidi, na hiyo ndiyo breki yake. Breki inafanya kazi, ila makaa ya juu yanaifanya isimame mbali zaidi kuliko ambavyo ingesimama.

Mjomba alikuwa barazani na kahawa yake chungu, akisikiliza. Mwaka 1961 alikuwa mtoto wa chuoni, na mvua za mwaka ule anazisimulia mpaka leo. Za 1997 zilimkuta mtu mzima ana mashua yake. Alitaka kujua kama hii ni ile ile. Nikamwambia kwamba mwaka 1999 N. H. Saji na wenzake, akiwemo Toshio Yamagata wa Japani, waliandika juu ya mzunguko wa Bahari ya Hindi ambao siku hizi tunauita Dipole. Kuna miaka ambapo maji ya upande wa Sumatra, kule Indonesia, hupoa kuliko kawaida, na ya upande wetu hupata joto. Upepo kwenye ikweta huvuma kutoka huko kuja huku. Ukivuma hivyo huyasukuma maji ya moto yaje kwetu, na kule Sumatra maji baridi ya kina hupanda juu kuziba pengo. Tofauti ya joto huongezeka, na upepo nao huongezeka. Bahari inaupa upepo nguvu, upepo unairudishia. Mawingu yanarundikana upande wetu. Ndivyo ilivyokuwa 1961, hadi Ziwa Victoria likapanda zaidi ya mita 2 katika miaka mitatu iliyofuata. Ndivyo ilivyokuwa 1997, na 2019, na sasa tena, tena El Niño ya Pasifiki ikiwa imeshikana nayo mkono.

"Nimefahamu," alisema mjomba. "Sasa niambie kesho."

Alikuwa na jarife jipya, wavu wa kutegea papa. Alilinunua kwa fedha za misimu miwili, na alitaka kulitega nje ya mlango wa Mto Sabaki, kwa sababu mto ukichafuka papa huja kuwinda pale, na kamba nao hupatikana wengi. Nilifungua kompyuta nikaangalia utabiri wa Malindi. Mvua ndogo usiku, pengine hakuna. Nikamwambia, "Usiku wa leo hapa kwetu hakuna kitu, mjomba. Tega."

Nilisema "hapa kwetu". Nayakumbuka maneno hayo mawili vizuri.

Usiku haukunyesha. Asubuhi saa tatu nilitoa chupa, ndani mna maji ya kulowesha ncha ya kidole tu. Nikaandika. Wino haujakauka, kijana mmoja anayefuatana na mjomba baharini akaja mlangoni, akapiga hodi mara moja tu, akasema, "Unaitwa pwani."

Mashua ilikuwa imeegemea mchangani, na jarife limemwagwa kando yake kama takataka za soko. Sikulitambua. Lilikuwa jeupe jana. Sasa limekuwa jekundu, zito kwa tope, na kila jicho la wavu limeshika kitu. Mabua ya mahindi, mengi, mengine bado na magunzi yake. Matawi ya migunga yenye miiba. Ndara moja ya mtoto. Tundu lilipopita gogo lilikuwa kubwa kiasi cha kupita ng'ombe. Katikati, limejiviringa mara tatu katika nyuzi, palikuwa na gogo fupi lililochongwa likawa na uvungu.

Mjomba aliinama akalikata kwa kisu, akaligeuza. Upande mmoja ulikuwa wazi. Upande wa pili bado umezibwa kwa kibao cha duara, na nilipoingiza mkono vidole vilitoka na nta nyeusi. Ulikuwa mzinga wa nyuki. Ubavuni mwake palikuwa na alama iliyochomwa kwa chuma cha moto, mistari miwili na nusu duara. Wakamba huchoma alama ya ukoo juu ya mizinga yao ili ijulikane ni ya nani.

"Wa wapi huu?" mjomba akauliza.

"Ukambani."

"Na huko mvua ilinyesha lini?"

Sikujibu upesi, kwa kuwa jibu nilikuwa nalo. Siku kadhaa kabla nilikuwa nimeziona ramani za mvua ya bara, nyekundu na zambarau kutoka Nairobi kuteremka hadi Machakos na Kitui. Niliziona, nikazipita, nikarudi kwenye bahari yangu. Sehemu ya maji yale ilikuwa na njia moja tu ya kwendea. Mto unaoanzia nyanda za karibu na Nairobi ukaitwa Athi, ukapokea Tsavo ukaitwa Galana, ndio huu huu unaofika kwetu ukaitwa Sabaki. Kila mtoto wa Malindi anajua. Mimi nilikuwa nikipima mwanzo wa mvua, kule inakozaliwa, na nimeupa mgongo mto unaoileta nyumbani.

"Jumatatu," nikasema mwisho. "Ilianza Jumatatu."

Mjomba hakunigombeza. Angenigombeza ningepata nafuu. Aliokota kibuzi cha udongo mwekundu kutoka kwenye wavu, akakisugua kwa vidole, akasema huu ni udongo wa shamba, si wa ufuoni mwa mto. Alikuwa sahihi, na hapo ndipo penye mrejesho mwingine ambao mabuku yangu yalikuwa nao na mimi nikauacha ukurasani. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022 misimu 5 mfululizo ya mvua ilikuwa imekosekana. Ardhi ikikauka haina maji ya kurudisha hewani, na hewa kavu huzidi kuikausha ardhi. Majani yakafa, mifugo ikafa, udongo ukabaki uchi na mgumu. Mvua ya vuli ilipokuja kwa kishindo haikupata pa kuzama. Ikatelemka na shamba lenyewe.

Hata matumbawe ya hifadhi yetu ya bahari yameliweka jambo hili. Tumbawe hujenga tabaka kila mwaka, kama mti, na tope la mto huja na bariamu ambayo hubaki ndani ya tabaka la mwaka huo. Mwaka 2007 Dominik Fleitmann na wenzake waliandika walichosoma katika tumbawe moja la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi: karne mbili za mwanzo tope ni kidogo na halibadiliki sana, kisha tangu mwanzoni mwa karne ya 20 linapanda tu. Nilikuwa nimelitaja andiko hilo katika pendekezo langu la utafiti, mstari mmoja. Pale mchangani nilikuwa nimelishika mkononi.

Siku zilizofuata mambo yalizidi. Barabara ya Garsen kwenda Lamu ilikatika pale Gamba, na kabla mwaka haujaisha zaidi ya watu 100 walikuwa wamepoteza maisha Kenya. Desemba watafiti wa World Weather Attribution walieleza kwamba ongezeko la joto duniani huenda liliipa mvua ile nguvu hadi maradufu, ingawa kiasi halisi ni kigumu kukikadiria, na kwamba Dipole nayo ilikuwa na mchango wake mkubwa. Nilizisoma kurasa zile nikiona mabua ya mahindi.

Lakini siku ile ile, kabla ya adhuhuri, tulikaa kivulini mjomba na mimi na yule kijana tukichambua. Kilichofaa kilikatwa kikawekwa kando, na kilikuwa chini ya nusu. Mkaza mjomba alileta mkate uliobaki wa jana. Akauona mzinga, akauinua, akaunusa.

"Una harufu ya asali bado," akasema, akauweka juu kivulini, mbali na wimbi, kana kwamba mwenyewe atakuja kuuulizia.

Mjomba alikuwa ananitazama. "Maji ya Machakos yanachukua siku ngapi kufika hapa?"

"Sijapima, mjomba."

"Basi tupime."

Aliingia ndani ya mashua akatoka na bildi yake, ile risasi iliyofungwa kwenye kamba ya kupimia kina. Tulichukua bodaboda mbili hadi Daraja la Sabaki. Watu walikuwa wamejaa kingoni wakitazama maji, na daraja lilikuwa likitetemeka kidogo chini ya nyayo. Mjomba aliomba nafasi, wakampisha. Akaiteremsha risasi taratibu kutoka kwenye chuma cha juu, kamba ikipita katikati ya vidole vyake, hadi mto ulipoishika na kutaka kuivuta. Akaminya kamba pale pale, akaipandisha, akaipima kwa mikono yake miwili.

"Pima tatu na shubiri. Andika na saa."

Nikafungua daftari. Kando ya safu ya mvua, ambayo siku hiyo ilikuwa karibu sifuri, nilichora mstari wa wima, nikaandika juu yake: Mto.