Mwate hata alfajiri

Nimerudi nyumbani saa tatu asubuhi. Mchanga wa kaburi la punda bado umo viatuni.

Jana baada ya magharibi niliitwa Langoni, mtaa wa hapa Lamu, kumtibu punda. Punda dume, mbebaji wa mawe ya kisiwa cha Manda kutoka jahazini hadi kwenye majumba yanayojengwa, alikuwa hajala tangu adhuhuri. Amesimama tu, kichwa chini. Asiyewajua punda angesema amechoka. Farasi akisokotwa na tumbo hugaragara hadi mtaa mzima ukajua. Punda hunyamaza, na ukimya huo humponza, kwa kuwa anapoonekana mgonjwa siku imeshapita. Ufizi ulikuwa umepiga zambarau. Moyo ulipiga mara 96 kwa dakika, takriban mara mbili ya kawaida. Nilipoingiza mkono nikagusa bonge gumu: plastiki. Mifuko yake ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017, lakini jalalani haikosekani, na jioni punda wetu hufunguliwa wakajitafutie.

Nilimchoma sindano ya maumivu, nikapitisha mpira puani, nikamimina mafuta. Kufikia saa nne usiku hali ilikuwa mbaya zaidi. Nikamwambia mzee mwenye punda kwamba njia sioni, aniruhusu nimpumzishe, afe bila maumivu.

"Mwate hata alfajiri, mwanangu," akasema, yaani nimwache. "Roho si yetu."

Nimewasikia wageni wakiita jambo hili ukatili. Mzee huyo alikuwa akimfuta punda jasho kwa kikoi chake mwenyewe. Utotoni kwangu ni yeye aliyetusimulia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila kumlisha. Watoto wake wamesomeshwa na mgongo ule. Hakuwa na moyo mgumu. Alikuwa anamwogopa Mola wake.

Nikakubali. Na hapo ndipo sipati usingizi, maana heshima kwa mzee haikuwa sababu pekee. Nilipiga hesabu. Nyumba ile ina punda wengine watatu. Ningemlazimisha, siku wakiumwa wangechomwa moto kwa chuma kwanza, ile tiba ya kienyeji, mimi nikaitwa wa mwisho, au nisiitwe kabisa. Basi nikanunua imani ya nyumba nzima, na aliyelipa ni yule aliyesimama mbele yangu, asiyeweza kuulizwa. Idhini huwa naiomba kwa mwenye mali. Anayeumwa hana mtu wa kumsemea ila mimi, na jana usiku mimi nilikuwa nawasemea wale watatu.

Alianguka saa kumi, kabla ya adhana.

Tulichimba pamoja nyuma ya mji, mzee akishika jembe kuliko vijana wake. Sogi, mfuko wa mizigo wa punda, aliiacha ukutani, hakutaka iguswe. Tulipomaliza kufukia akaniuliza, bila kunitazama, "Aliumia sana?"

Nikamwambia dawa ilimsaidia.

Dawa ilikwisha nguvu saa saba. Nilikuwa nimesimama pale, mkono ubavuni mwake, nikihesabu pumzi.