Bacillus cereus na ndugu zake: ni yupi aliyeota kwenye sahani yako?

Koroga gramu 1 ya udongo wa shambani kwenye mililita 9 za maji yaliyotakaswa, kisha pasha kwa nyuzi 80 za Selsiasi kwa dakika 10. Bakteria wengi watakufa. Watakaobaki ni wenye spora, yaani umbo gumu la kujihifadhi linalostahimili joto, na Bacillus cereus ni miongoni mwao.

Mwoteshe kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria) yenye damu kwa nyuzi 30. Kesho yake utakuta koloni pana za kijivu, zisizong'aa, na damu iliyozizunguka imeyeyuka kabisa. Kwenye darubini ni vijiti vinene, upana wake mikromita 1 au zaidi kidogo. Spora yake ina umbo la yai na haiuvimbishi mwili. Angalia sana hapo, maana spora ya Paenibacillus polymyxa huuvimbisha.

Rangi ya Gram, ile ya kawaida ya kupaka bakteria, haiingii ndani ya spora. Tumia kijani cha malakaiti juu ya mvuke kwa dakika 5, ukiongeza rangi isikauke. Suuza kwa maji, kisha weka safranini kwa nusu dakika. Spora zitakuwa kijani, miili myekundu. Usipoona kijani, usiilaumu rangi haraka: huenda koloni ni changa. Chakula kikiwa bado kingi, bakteria huyu hatengenezi spora. Mwache siku 2 au 3.

Ugumu uko kwenye jina. B. cereus anayeharibu kiporo cha wali, B. anthracis wa kimeta na B. thuringiensis anayeua viwavi wana jeni zinazokaribiana mno. Kupima 16S, jeni inayotumika sana kutambua bakteria, peke yake hakuwatenganishi. Tofauti kubwa imebebwa na plasmidi, vipande vidogo vya DNA vilivyo nje ya kromosomu. Kimeta ana pXO1 yenye sumu na pXO2 yenye gamba la nje. Thuringiensis akipoteza plasmidi za fuwele (protini zake zinazoua viwavi), humtofautishi tena na cereus. Hata hivyo naunga mkono majina matatu yabaki: daktari wa mifugo anahitaji kujua ni kimeta, si undugu wake.

Kwa kawaida kimeta hayeyushi damu, haogelei, na penisilini humuua. Ukiona koloni isiyoyeyusha damu na vijiti visivyoogelea, funga sahani, acha kuchokoa, ikabidhi maabara yenye ulinzi wa kutosha. Fuwele za thuringiensis zitafute kando ya spora kwa rangi ya fuksini, katika koloni iliyokwisha kutoa spora. Kwenye changa hutaziona.