Bunduki ya upepo mbele ya kichuguu: nilivyoinyoosha ya kwanza

Muzee aliitoa ikiwa imeviringishwa katika blanketi la kijivu, akailaza juu ya meza ya baraza yake huko Kampemba, mtaa wa Lubumbashi. Ilikuwa bunduki ya upepo, Diana ya Kijerumani, ile ya mtutu unaokunjwa, kitako chake cha mti kimeng'aa kwa kushikwa miaka mingi. Aliinunua alipokuwa bado kazini Gécamines, kampuni ya madini, akawa anapigia shabaha Jumapili na wenzake. Sasa macho yamepungua.

"Siuzishe mutu hivi hivi," alisema. (Kwetu Lubumbashi kuuza ni kununua, anayetoa mali ndiye anauzisha.) "Unataka kufanya nayo nini?"

Nikamweleza. Julai 2024 nilikuwa natazama Olimpiki ya Paris, na medali ya dhahabu ya kwanza kabisa ya michezo ile ilitoka kwenye bunduki ya upepo ya mita 10, mchezo wa mwanamume na mwanamke pamoja. Wachina ndio walioichukua. Lakini kilichonishika ni ile karatasi wanayoipiga. Duara lote jeusi lina upana wa milimita 30 na nusu, na alama ya kumi katikati ni nukta ya nusu milimita. Wanaipiga kwa kusimama, bila kuegemea kitu. Mimi ni mpima ardhi, nusu milimita naifahamu vizuri kwenye vyombo vyangu. Nilitaka kujua kama mikono yangu nayo inaweza kuikaribia.

Muzee akaniambia nirudi nikiwa na karatasi zangu za ruhusa. Alikuwa na haki. Nchi yetu, Kongo, ina sheria ya silaha na risasi tangu 1985, na kukisia si vizuri katika mambo hayo. Nilienda kuuliza kabla sijatoa pesa yoyote, nikajaza nilichoambiwa nijaze, nikangoja wiki kadhaa mpaka kila kitu kikawa na muhuri. Kisha nikaenda kwa shefu wa avenyu yetu, na kwa majirani wa pande zote mbili, nikawaeleza ni nini ninacholeta nyumbani na ni cha nini. Katika nchi ambayo imeona tuliyoyaona, mtu akiona mtutu hawezi kujua kwamba ndani yake mna upepo tu, na si kazi yake kujua. Bunduki yangu hutembea imefungwa ndani ya mfuko wake na kufuli, ndani ya gari, haionekani mpaka tufike. Tena upepo huo huo hutoboa jicho, na umewahi kuua watu. Hakuna anayenisadikisha kwamba ni kitu cha watoto.

Siku ya kununua, Muzee alinifundisha kuikagua mwenyewe. Nikunje mtutu polepole nisikilize springi: isikwaruze. Nishike mtutu uliofungwa niutikise: usicheze kwenye kiungo chake. Nitazame ndani yake kuelekea mwanga: mifereji ionekane, kutu isionekane. Nisome kipimo kilichogongwa juu yake, 4.5, yaani upana wa risasi kwa milimita, kwa sababu kuna pia za 5.5 na risasi zao haziingiliani. Mambo mawili aliyarudia mara tatu. La kwanza, ninapotia risasi mkono mmoja usiachie mtutu, kwa maana triga ikiteleza mtutu hurudi kwa nguvu na kukata vidole. La pili, nisiipige ikiwa tupu. Risasi ikiwemo, hewa iliyobanwa mbele ya pistoni, kile chuma kinachosukumwa na springi, huwa kama mto wa kulalia. Isipokuwemo, chuma kinagonga chuma. Nilimlipa dola 180 na sijawahi kuzijutia.

Kupigia ndani ya parseli, kiwanja cha nyumba, mjini hapana. Mjomba wangu ana shamba barabara ya Kasenga, na katika shamba hilo kuna kichuguu. Wenyeji wa Lubumbashi wanajua nasema kichuguu gani: si kile cha kufika magotini, bali kilima kizima cha udongo mwekundu chenye miti juu yake, kirefu kuliko nyumba, ambacho watu hukichimba miaka na miaka kufyatulia matofali na bado kipo. Ukuta mzuri kuliko huo siujui. Ila udongo wake ukikauka huwa mgumu kama tofali lenyewe na unaweza kurudisha risasi, kwa hiyo mbele yake niliweka sanduku la mbao lililojaa mchanga na matambara, karatasi ikabandikwa usoni. Miwani ya kazini kwa kila aliyepo, na wote nyuma ya anayepiga. Nilipima mita 10 kwa utepe.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa za makosa. Muzee alikuwa ameniambia kwamba ngozi ya pistoni ikikauka inataka tone la mafuta. Mimi nilitia mengi, ya injini. Mlio wa kwanza ulikuwa kama fataki, moshi ukatoka mtutuni, na mjomba akaja mbio kutoka bandani. Hewa ikibanwa ghafla hupata joto, na mafuta yaliyokuwa mbele yake yakawaka, kama dizeli inavyowaka ndani ya mota. Risasi zikaruka juu ovyo mpaka yalipokwisha.

Kisha nikanunua darubini ya bei ya chini, iliyotengenezewa bunduki za baruti. Baada ya risasi zisizofika mia, msalaba uliokuwa ndani yake ulilegea na kulala upande. Baadaye ndipo nilipoelewa. Bunduki ya baruti humsukuma mtu nyuma basi. Ya springi hurudi nyuma pistoni inapoondoka, kisha hutupwa mbele pistoni inapofika, na vioo ambavyo havikuandaliwa kwa mtikisiko wa mbele havidumu. Nikarudi kwenye vilengeo vya chuma vya bunduki yenyewe, na naona ndiko ningeanzia.

Lakini kosa lililonila wiki zote lilikuwa hili. Napiga moja, inaangukia kushoto, nageuza skrubu ya kilengeo. Napiga nyingine, inaenda chini kulia, nageuza tena. Kila risasi nilikuwa naifuata ilikokwenda. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa anabadilisha karatasi, na Jumamosi moja alikaa juu ya ndoo akanitazama.

"Yaya, juu ya nini unageuza ile visi kila mara? Ku kazi unapimaka mara moja tu?" (Yaya kwetu ni kaka mkubwa, visi ni skrubu.)

Sikuwa na jibu. Kazini sijawahi kuamini kipimo kimoja. Pembe naisoma mara nne, mara sita, natafuta wastani, ndipo naandika. Hapo shambani nilikuwa nimeuacha ufundi wangu wote getini.

Tukaanza upya. Kwanza nilikaza skrubu za kitako, mbili zilikuwa zimelegea kwa mtikisiko. Nikaketi, mfuko wa mchanga mbele yangu, lakini bunduki haikulala juu ya mfuko. Ililala juu ya kiganja changu cha kushoto kilichofunguka, karibu na triga, bila kubanwa. Hapo pana siri ya bunduki za springi: mruko wake huanza kabla risasi haijatoka mtutuni. Ukiibana leo na kesho ukailegeza, inaruka tofauti, na risasi inaondoka nayo. Iache iruke inavyotaka, mradi iruke vilevile kila mara. Kwa kubadilisha mshiko peke yake, fungu langu la risasi tano lilishuka kutoka upana wa milimita 48 hadi 19. Skrubu ya kilengeo sikuwa nimeigusa.

Nikajaribu pia aina tatu za risasi: ya kichwa bapa, ya mviringo na ya ncha. Kwa mita 10 ile bapa ilishinda bila ubishi, fungu likawa milimita 14, na tena inakata tundu safi la duara ambalo ni rahisi kulipima. Ya ncha ndiyo iliyotawanyika kuliko zote, ingawa kwa macho ndiyo inayovutia.

Ndipo nikapiga mafungu manne ya tano tano, nikilenga palepale, bila kugeuza kitu. Matundu ishirini. Nikapima kila moja umbali wake kutoka katikati, nikatafuta wastani: milimita 41 kushoto, milimita 22 chini. Hilo sasa lilikuwa kosa la bunduki, si langu. Kutoka kilengeo cha mbele hadi cha nyuma kuna sentimita 46 kwenye bunduki hii. Ukigawa mita 10 kwa hizo, unapata kwamba kusogeza kilengeo cha nyuma milimita moja kunahamisha risasi karibu milimita 22 kwenye karatasi. Na kilengeo cha nyuma hufuatwa: unakotaka risasi iende, ndiko unakokisukuma. Kwa hiyo milimita 1.9 kulia, milimita 1 juu. Nilitumia kipimo changu cha kazini, mdogo wangu akashika tochi.

Fungu lililofuata liliangukia ndani ya jeusi, katikati yake milimita 3 kulia. Nikapiga mengine matatu kuhakikisha, nikasogeza kidogo sana, nikaacha.

Wakati nao ni muhimu. Risasi hizi zina uzito wa nusu gramu tu, na mwezi wa nane huku upepo wa vumbi huanza kabla ya saa sita mchana. Tunapiga saa moja asubuhi, baridi ingali ipo, majani hayatikisiki. Tukimaliza tunanawa kwa sabuni kabla ya kugusa bukari, ugali wetu. Lugha yetu haikukosea kuita madini na kinachotoka bundukini kwa neno moja, risasi, na madini hayo hayatakiwi tumboni.

Niliipeleka karatasi Kampemba. Muzee aliisogeza karibu na mlango penye mwanga, akahesabu matundu kwa ncha ya kalamu, akaniuliza jambo moja: "Ulikuwa unakaa ao unasimama?"

Nilikuwa nimekaa. Nikisimama, tano zangu bado zinaenea kama kisahani cha chai, na huko ndiko niliko sasa. Mke wangu alinipa rangi yake ya kucha, nyekundu, nikatia tone juu ya skrubu ya kilengeo ili nione ikisogea. Tangu siku hiyo tone halijapasuka.