Carlisle, 1315: Mnara Uliokwama Matopeni

Robert Bruce, mfalme wa Waskoti, alifika kuuzingira mji wa Carlisle, kaskazini mwa Uingereza, tarehe 22 Julai 1315, mwaka mmoja tu baada ya kuwashinda Waingereza katika vita vya Bannockburn. Jeshi alikuwa nalo. Ardhi kavu hakuwa nayo. Mwaka ule mvua iliharibu mazao Ulaya ya kaskazini hadi njaa kuu ikaingia, na kwangu mimi mvua hiyo ilimsaidia mlinzi wa mji, Andrew Harclay, kuliko kikosi chochote cha msaada.

Utazame ule mnara. Waskoti waliunda mnara wa mbao wa magurudumu, mrefu kuliko ukuta, ili wawapige walinzi kutoka juu. Maseremala wa mjini wakakadiria utafikia wapi, wakasimamisha mnara wa kwao, mrefu zaidi, juu ya buruji la mahali hapo hapo. Hesabu nzuri sana! Ila mnara wa Waskoti haukufika. Uzito wote ule ulibebwa na sehemu ndogo tu za magurudumu zilizogusa ardhi. Udongo ukishalowa, kadiri unavyovuta ndivyo magurudumu yanavyojichimbia.

Handaki la upande wa mashariki nalo liliwashinda. Matita ya nafaka na majani waliyotupa humo hayakutosha kulijaza. Wakatengeneza madaraja ya magogo yenye magurudumu, yavutwe kwa kamba upesi hadi ng'ambo. Yakazama kwa uzito wake.

Kwa mitambo ya kurusha mawe walizidiwa mbali. Waskoti walikuwa na mmoja, uliosimamishwa siku ya tano, ukipiga lango la mji liitwalo Caldew na ukuta. Mawe yake yalimuua mtu mmoja tu. Ndani ya mji kulikuwa na mitambo 7 au 8 ya aina hiyo, pamoja na mingine ya kufyatua mishale mirefu.

Karata yao bora ilikuwa hila. Jeshi kubwa lilishambulia mashariki, huku James Douglas, shujaa wa Bruce, na watu wake wepesi wakiweka ngazi ndefu magharibi, ambako ukuta ulikuwa mrefu na hakuna aliyetarajia shambulio. Wapiga mishale waliwakinga wapandaji. Hata hivyo walinzi walikuwapo, wakawaangusha pamoja na ngazi zao.

Tarehe 1 Agosti Waskoti waliondoka, wakiiacha mitambo yao yote pale pale. Mwaka uliofuata Edward II, mfalme wa Uingereza, aliupa mji hati ya kifalme, na ndani ya herufi yake ya kwanza amechorwa Harclay akiulinda ukuta.